Shangazi, vumbi la Safari Rally ndilo lililomuua baba?

Kwako Shangazi,

Ni saa kumi kasoro robo alfajiri na bado sijafumba jicho. Nimechemsha chai ikapoa kikombeni, nikaipasha moto, ikapoa tena. Mume wangu ameniambia mara mbili nizime taa, sasa amechoka, anakoroma. Sijui nianzie wapi, kwa hivyo naanzia pale panapouma. Kaka yangu mkubwa alisema tena jana, mbele ya mama, mbele ya mkewe, na watoto wangu wakisikia: "Si wewe ndiwe uliyempeleka Mzee akale vumbi?"

Tulikuwa tumekutana nyumbani kwa mama kupanga ibada ya kumbukumbu ya baba. Msalaba wa mbao umeanza kuoza chini, wanataka kulijengea kaburi na kumwita mchungaji. Mimi sina neno na hilo, hata mchango wangu nilitoa wa kwanza. Lakini wakachagua Jumamosi ya Pasaka, tarehe 30 Machi. Niliuliza tu, kwa upole kabisa, kama haiwezi kusogezwa mbele wiki moja. Sikusema kwa nini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kaka akacheka, kisha akasema hayo ya vumbi.

Tangu Safari Rally, yale mashindano yetu ya magari, irudi kwenye mbio za dunia mwaka wa 2021, baada ya miaka 19, imekuwa ikifanyika Juni. Mwaka huu wa 2024 ndio imerudishwa Pasaka, mahali pake. Shangazi, wewe ni wa rika langu au umenizidi kidogo, unakumbuka Pasaka zilivyokuwa. Watoto wengine walipata nguo mpya, sisi tulipata vumbi. Baba alikuwa fundi hapa Nakuru, na siku hiyo ikifika hakuna mteja aliyempata gereji. Tulitoka nyumbani usiku, sisi watoto nyuma ya pikapu ya Datsun 1200 chini ya turubai, na thamosi ya chai na mandazi ya jana. Kunapopambazuka tuko kando ya barabara. Yeye alishika daftari, mimi nilishika saa yake. Gari likipita anapaza namba, mimi nasoma saa na dakika, yeye anaandika. Mimi, msichana pekee, ndiye niliyepewa saa. Alikuwa akituambia, "Msitazame barabara, tazameni juu," kwa sababu helikopta ndiyo iliyotangulia. Halafu unaliona vumbi linapanda nyuma ya migunga kama mtu anachoma makaa, halafu mngurumo, halafu hujui tena uko wapi. Mwaka wa 1990 hata vumbi halikuwepo, ilikuwa mvua tupu. Dereva Waldegård alipita na ile Toyota Celica ikiwa rangi ya udongo kutoka boneti hadi buti, na baba akaandika kwenye daftari akiwa amelifunika kwa koti lake, sisi tunalowa.

Nakueleza haya ili ujue kwamba sikuyabuni mimi. Baba alianza kabla sijazaliwa. Mwaka wa 1965, akiwa na miaka 14, alisikia kwamba Joginder Singh ameshinda Safari na Volvo kuukuu, gari ambalo lilikuwa limeshatumiwa mwaka uliotangulia, na ndugu yake Jaswant ndiye mwelekezi. Joginder mwenyewe alikuwa fundi. Baba alisema siku hiyo ndipo alipojua atafanya kazi gani. Dereva wetu Mkenya Patrick Njiru alipomaliza wa 4 mwaka wa 1994 na Subaru, gereji nzima ilinywa soda kwa pesa ya baba, na mama hakumsemesha siku mbili. Mama hajawahi kuipenda Safari. Simlaumu, alikuwa akienda ibada ya Pasaka peke yake kama mjane huku mume yuko hai.

Lakini kaka! Kaka ndiye aliyekuwa akilia akiambiwa abaki. Ndiye aliyekuwa akigombea kusimama juu ya bodi ya pikapu. Leo ni mzee wa kanisa na anaongea kama mtu ambaye hajawahi kula vumbi hata kijiko kimoja. Kwenye mazishi nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Niliandika aya moja kuhusu Safari, moja tu. Programu ilipotoka kwa mpiga chapa, aya haipo. Badala yake wameweka kwamba alipenda bustani. Baba! Bustani!

Basi, mwaka wa 2022. Wanavyosema ni kwamba nilimchukua mgonjwa kitandani nikampeleka porini. Si hivyo. Baba alinipigia simu mwenyewe, wiki mbili kabla, akaniuliza kama gari langu lina mafuta. Ndivyo alivyoomba, hakuomba vingine. Jumamosi ile tulikwenda upande wa Elementaita, mahali unapokiona vizuri kile kilima cha Sleeping Warrior, kimelala chali kama mtu aliyeshiba. Nilimbebea kiti cha plastiki, shuka mbili, dawa zake zote kwenye mkoba. Nilimvalisha barakoa mbili. Nilimketisha upande upepo unakotoka, si unakoelekea, na waliokuwepo pale wanaweza kushuhudia. Vumbi la kule, Shangazi, ni laini kama unga wa ngano, ukikanyaga linaingia kwenye viatu kama maji. Najua. Ndiyo maana nilichagua upande ule.

Gari la kwanza lilipokaribia alizivua barakoa. Nikamwambia baba, jamani. Akasema, "Nitalisikia vipi nikiwa nimefungwa mdomo?" Mwaka huo magari makubwa yalikuwa yameanza kutumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na mimi nilikuwa nimemweleza njiani. Alicheka sana. "Ati Safari ya stima!" Kisha akatoa daftari mfukoni, sikujua hata kama amelibeba. Akaniuliza saa ngapi. Nikatazama simu. Akasema siyo hiyo, akaifungua saa yake mkononi taratibu, vidole vilikuwa vinatetemeka, akanipa. Namba 69 ilipopita, yule kijana Rovanperä aliyeshinda kesho yake, baba akapaza namba kama zamani na mimi nikasoma dakika. Daftari ninalo. Ile 69 ameiandika ikapinda hadi nje ya mstari.

Alifariki Septemba. Miezi mitatu, Shangazi. Kama ni vumbi lingengoja miezi mitatu?

Daktari hakutukataza kwenda. Sawa, alisema aepuke vumbi na moshi, lakini hilo huambiwa kila mtu mwenye mapafu mabovu, na baba alikuwa amepiga magari rangi miaka arobaini bila hata kitambaa puani. Daktari aliyasema hayo Aprili, mwaka huo huo. Alisema na mengine. Alisema mapafu yamekwisha, familia ijiandae, hatupewi mwaka. Tulikuwa wawili tu mle ndani, baba na mimi. Tulipofika kwenye gari baba alikaa muda bila kufunga mkanda, kisha akasema, "Haya tumeyasikia wawili, yabaki ya wawili. Mama yako asijue." Nikakubali. Ungefanyaje?

Kwa hivyo mama anaamini mumewe alikuwa na kifua cha kawaida hadi nilipompeleka Elementaita. Kaka naye anaamini hivyo. Nikifungua mdomo leo, vumbi linaniondoka. Lakini mama atajua kwamba miezi mitano mzee alilala kando yake na jambo hilo, akaniambia mimi na si yeye. Mama alikuwa akimkorogea uji kila asubuhi akimwambia atapona. Siwezi. Halafu jana alipoketi pale akimsikia kaka, hakunitetea, aliinama akachambua mchele tu, nikasema moyoni leo nitasema. Sikusema.

Sitaki kaka aniombe radhi, imepita. Nataka tu aseme mbele ya watu wale wale kwamba alikosea.

Sasa niambie kuhusu tarehe 30. Kijana wangu ana miaka 11 na ameshachora ramani, anataka tukalale Naivasha, kule kwenye mbio. Nisipokuwepo kaburini watasema nimechagua magari nikamwacha baba. Nikiwepo nitasimama pale nikisikia helikopta zikipita juu, na sidhani nitaweza kutozitazama. Mume wangu anasema niende ibada asubuhi na mbio mchana, kama vile ni sokoni na posta. Pengine nisiende popote. Na hilo la mama, nimwambie au nikae nalo?

Tena kuna jambo sijamwambia mtu, hata mume wangu. Usiku ule tulipotoka Elementaita baba alilala kwangu, na alikohoa hadi asubuhi. Si kikohozi cha siku zote. Niliketi mlangoni nikimsikiliza. Kama una daktari unayemfahamu, tafadhali muulize kwa niaba yangu, na unijibu ukweli hata kama si mzuri: vumbi la siku moja linaweza?

Usitaje mtaa wangu, mama husomewa gazeti na jirani.

Mshika Saa,
Nakuru