Kufuli kwenye mkia: barua kwa mwanangu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Huku wazima. Mama yako anauliza kama dagaa wamekufikia.

Juzi uliniuliza, "Baba, fosfeti inawasha kinasi au inazima?" salio likaniishia kabla sijajibu. Inawasha, na inazima pia. Ukikariri moja tu, mtihani utakuumbua.

Kwamba kinasi ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti (fosforasi iliyoungana na oksijeni) kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine, hilo unalijua. Ila kinasi yenyewe nayo ni protini, nayo hubandikwa, na ikibandikwa umbo lake hubadilika.

Chukua kinasi iitwayo Src. Unaikumbuka baiskeli yangu ya kwendea kufundisha. Tanga hii usipoitia kufuli tairi la nyuma, jioni unarudi kwa miguu. Src ina mkia, na mkiani mna tairosini, asidi amino mojawapo kwenye mnyororo wa protini, namba 527 kwa Src ya kuku. Kinasi nyingine, Csk, ikiweka fosfeti pale, mkia hujikunja ukanaswa na sehemu ya Src yenyewe iitwayo SH2. Imefungwa, haiendi. Fosfatasi, kimeng'enya cha kubandua, ikiiondoa fosfeti ile, mkia unaachia.

Lakini kufungua kufuli siyo kuondoka. Sharti ukanyage pedali, na pedali ni tairosini namba 416, kwenye kitanzi kilicho jirani na mahali kimeng'enya kinapofanyia kazi. Hapo Src hubandikana zenyewe kwa zenyewe, kitanzi kinakaa sawa, kazi inashika kasi. Fosfeti ni ileile, mwanangu. Angalia imekaa wapi.

Mwaka 1911 mtafiti Mmarekani Peyton Rous alieleza kwamba uvimbe wa kuku huambukizwa kwa majimaji yaliyochujwa, hayana seli hata moja. Miaka mingi baadaye ikabainika kuwa virusi vilivyokuwa kwenye majimaji yale vimebeba Src isiyo na tairosini ya mkiani. Baiskeli isiyo na pa kutia kufuli! Iko barabarani usiku na mchana, na seli zinagawanyika bila kuagizwa. Ndiyo saratani ile. Rous alipewa Nobel mwaka 1966, baada ya miaka 55. Nami nilidhani pensheni yangu ndiyo iliyochelewa.

Nichoree Src ikiwa imefungwa, kisha ikiwa kazini, unitumie picha WhatsApp. Kila fosfeti iandikie namba yake, la sivyo nakurudishia.

Baba yako