Mama mkwe anaita sindano sumu, na yeye ndiye nitakayemwachia mtoto

Shangazi, shikamoo.

Naandika taa ya simu nimeielekeza ukutani mtoto asiamke. Ni saa tisa na ushee usiku, sijapata hata lepe la usingizi, na humu ndani sina wa kumwambia. Utanisamehe nikichanganya mambo.

Mimi si sumu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonikaba. Nimeitwa hivyo juzi, siku ya hitma ya marehemu baba mkwe, wanawake wamejaa uani, wengine wanachambua mchele, wengine wanakuna nazi, na liliposemwa mbuzi zote tatu za kukunia zikanyamaza kwa pamoja. Watu wa mtaa mzima walikuwepo. Hata yule muuza mkaa alikuwa anapokea hela zake mlangoni.

Habari yenyewe ni hii. Nina safari ya Omani, Barka, kazi ya ndani, mkataba wa miaka miwili, riali 90 kwa mwezi. Najua utasema mama gani anaacha mtoto anayenyonya. Mtoto ana miezi 7 na wiki moja, na tumekubaliana na baba yake kwamba siondoki mpaka apate chanjo ya surua ya miezi 9. Mashine ya boti imekufa tangu Ramadhani, kikoba wananidai na riba inapanda, vitumbua vyangu vikilipa mkaa na unga ndiyo basi. Kwa hiyo sikuamka tu siku moja nikatamani dhahabu za Uarabuni, kama wifi anavyonitangaza.

Wakala alinipa karatasi ya vipimo na chanjo. Ya pepopunda hakuilazimisha, alisema tu ni vizuri niwe nimekamilisha, maana nyumba ile ina zizi la mbuzi na mitende nyuma. Msichana aliyekuwepo kabla yangu alichomwa mwiba wa mtende unyayoni, akafunga kitambaa akaendelea na deki, mpaka mguu ukavimba wakamkimbiza hospitali usiku. Mimi nimezoea minazi, haina miiba. Nikasema bora nikaulize.

Nikaenda kliniki na kadi yangu ya zamani, ile iliyoliwa na mende pembeni. Nesi akahesabu kwa kidole: mbili za mimba ya kwanza, moja ya mimba hii, jumla tatu. Akaniambia ya tatu inanilinda miaka 5, ya nne inanifikisha 10, na ya tano ndiyo inanilinda umri wote wa kuzaa. Tangu ile ya tatu mwaka umetimia mwezi uliopita, kwa hiyo ya nne naweza kuchomwa hata leo. Nikamwambia nanyonyesha. Akacheka, si kwa dharau, akasema, "Mama, choma, halafu kaa kwenye benchi hapo nje umnyonyeshe. Ingekuwa ya homa ya manjano tungezungumza kwanza, ile ni kijidudu hai na mwanao hajafika miezi 9. Hii haina kijidudu. Ni sumu ya kile kijidudu imeondolewa makali, mwili uijue sura tu, siku ikija yenyewe isiukute umelala."

Sumu. Wifi alikuwa pembeni yangu kampakata mtoto. Katika maneno yote ya nesi alichukua hilo moja, akalifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nalo nyumbani.

Sindano sikuchomwa siku ile. Mkono wa gauni nilishaupandisha, nikasema nitarudi Alhamisi. Usiniulize kwa nini. Nilisema nina vitumbua nimeacha kwa jirani, na ni kweli nilikuwa nimeviacha.

Basi juzi ndiyo mama mkwe, ungo mkononi, akasema wala hakunitazama: "Kuna watu wanataka kumnyonyesha mjukuu wangu sumu ili wapate kupanda ndege. Na mtu mwenyewe akiwa sumu, maziwa yake yatakuwa nini?" Hivyo hivyo, sijaongeza neno.

Sasa nikuulize, Shangazi. Huyo mjukuu si ameshachomwa sumu hiyo hiyo mara tatu pajani? Wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ile sindano ya magonjwa matano, pepopunda imo humo pamoja na dondakoo na kifaduro. Na nani alimshika miguu? Yeye! Mimi hiyo ya kwanza nilikuwa ndiyo kwanza natoka arobaini, yeye ndiye aliyembeba, na kurudi akamsifu njia nzima kwamba kalia mara moja tu kama mwanamume. Siku hiyo sumu ilikuwa wapi? Na mimi nilipochomwa mwaka jana mkono uliuma siku mbili, nikakoroga unga kwa mkono wa kushoto, basi. Mtoto alikuwa tumboni na hakupungukiwa ukucha.

Wifi naye na jirani yake wana hesabu yao, eti nikichomwa nisinyonyeshe siku saba, maziwa niyakamue niyamwage. Wameitoa wapi sijui. Nesi hakusema siku saba wala saa saba. Kumwaga maziwa chini, hata kuandika naona haya. Lakini nikikwambia sikuiwaza hiyo siku saba nitakuwa mwongo. Niliwaza, akimudu siku saba kwa uji na maziwa ya ng'ombe, basi na mimi nitamudu. Halafu nikamtazama anavyoshika ziwa kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika dafu, nikaona nimeingiwa na wazimu.

Baba yake ukimuuliza anasema, "Nyinyi wanawake malizaneni." Safari anaitaka, hela anaitaka, ugomvi hautaki. Juzi alikuwa nje na wanaume kwenye jamvi, na ukuta wa makuti hauzuii sauti. Alisikia. Mke wake anaitwa sumu, yeye anaendelea kumenya chungwa.

Na mimi nilijibu. Ndiyo, nilijibu, bora ulisikie kwangu kuliko kwa wifi, maana na yeye anakusoma.

Mama mkwe alizaa mtoto kabla ya mume wangu. Hilo halizungumzwi humu ndani. Alinisimulia mwenyewe wakati wa arobaini, ananikanda na maji ya moto, tuko wawili tu chumbani na mvuke. Alisema alizaliwa mzuri, sauti kubwa, akanyonya siku mbili tatu vizuri kabisa. Siku ya tano akalikataa ziwa. Si kulikataa, alisema, alilitaka, mdomo ndio haukufunguka. Akamkamulia maziwa juu ya midomo yakateleza shavuni. Vidole vikakunjika, mgongo ukapinda kama upinde, na kila sufuria likigonga alishtuka mwili mzima. Wakasema pepo, wakasema jicho, kombe likaandikwa, likanywewa. Siku ya nane wakamzika. Alipofika hapo aliacha kunikanda, akalikamua lile taulo mpaka likakauka.

Mimi wakati ule sikujua kitu, nilimwambia pole mama. Sasa siku ile kliniki, nesi alipokuwa anaeleza kwa nini wajawazito tunachomwa, alisema kijidudu kinakaa kwenye udongo na samadi, na kwa kichanga kinapita kitovuni, kitovu kikikatwa kwa kitu kichafu au kikipakwa vitu. Kinga anaipata kwa mama yake kabla hajazaliwa. Akataja na dalili. Anaanza vizuri, siku mbili, halafu kinywa. Nikahisi maji ya moto mgongoni palepale. Pepopunda. Hata jina lenyewe limebeba pepo ndani, nani atawalaumu waliosema ni pepo?

Basi juzi, mbuzi zimenyamaza, watu wananitazama, nikasema: "Mama, mwanao wa kwanza hakuuawa na pepo. Kilimuua kitovu. Hiyo sumu ungeichoma wewe, leo angekuwa hai."

Nimesema mbele ya watu. Siku ya hitma ya mumewe.

Hakujibu. Mchele ulikuwa umekwisha kwenye ungo lakini aliendelea kupeta. Alipeta ungo mtupu, Shangazi, mpaka dada yake akaja akamtoa mkononi.

Lakini yeye ndiye aliyeanza! Mtu akikuita sumu mbele ya muuza mkaa utanyamaza? Na nilichosema si uongo. Enzi zake kule kijijini hapakuwa na kliniki, mkunga alikuwa na wembe wake na majivu yake, kosa si lake, na mimi sikusema kosa ni lake. Sikusema hivyo. Au ndivyo ilivyosikika?

Tangu siku hiyo hatuongei. Namsalimia, anaitikia kwa kichwa. Ila kila asubuhi anaingia chumbani kimya, anamchukua mtoto, anamwogesha, anamrudisha ananukia mafuta ya nazi, anamlaza kitandani na kutoka. Jana nilikuta ameshona kitufe cha fulana ya mtoto, mimi nilikuwa nimekipoteza wiki nzima. Sijui nisome nini hapo.

Na huyo ndiye ninayemwachia mtoto kwa miaka miwili. Mama yangu hayupo, dada yangu yuko Mwanza na wa kwake wanne, na wifi simpi hata paka.

Mume wangu jana usiku kanipa hesabu nikakosa jibu. Tatu zinalinda miaka 5, mkataba ni miwili, na yule wakala mwenyewe hakulazimisha. Basi acha hiyo sindano, mpe bibi moyo wake, wewe nenda. Kwa hesabu yuko sawa. Lakini nikiiacha si nimekubali kwamba ni sumu, na kwamba mimi ni sumu? Na nikichomwa Alhamisi nitakuwa nimemrudia yale maneno yangu mara ya pili, safari hii bila kufungua mdomo. Nesi anasema chukua unapoipata, ugenini hujui utaipata lini, na ukipata mimba nyingine utakuwa umeshafika mbali. Naye yuko sawa.

Nataka kuchomwa. Nataka kwenda, nimeshaamua, pasipoti ninayo. Ila ukweli wa saa tisa usiku ni kwamba nilipouliza kuhusu kunyonyesha, nilitamani nesi aseme haifai. Aseme mama, wewe huwezi kusafiri na kifua hicho, rudi nyumbani. Ningerudi mbio.

Kwa hiyo nishauri, Alhamisi niende au nisiende? Na kama ni kumwomba radhi, namwomba kwa lipi, maana nikigusa moja nitamgusa na yule mtoto. Nimwambie nini mtu kama yule, na kabla ya sindano au baada? Au niende naye kliniki nesi amweleze mwenyewe? Naogopa akielezwa atapiga hesabu ya siku zile moja moja.

Chumba cha chanjo wanafunga saa sita mchana, ukiweza jibu kabla. Jina langu usilitoe, tafadhali. Nasikia komeo la mlango wa uani, ameamka kutawadha, na huyu naye ameanza kutafuta ziwa.

Wako,
Mama Wawili, Tanga