Mwanangu, nimekimaliza kile kitabu

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka hapa Lowell. Sisi tu wazima. Baridi imeanza mapema na babako hajaacha kugombana na ile hita ya sebuleni.

Kitabu ulichoniachia, *Prep* cha Curtis Sittenfeld, nimekisoma chote. Nilikuwa nakwenda nacho kazini usiku, nikakifungua wazee wakishalala. Uliniambia, "Mama kisome, hutaniuliza tena shule yetu ikoje." Nimekisoma, na maswali ndiyo kwanza yameanza.

Nikueleze nilivyokielewa, nawe unisahihishe. Lee Fiora ni mtoto wa South Bend, Indiana. Babake anauza magodoro. Msichana wa miaka 14 anatazama vijitabu vya shule za bweni, anaona majengo ya matofali na vijana wanaocheka nyasini, anaomba nafasi mwenyewe, anapata ufadhili, anaingia Ault, Massachusetts. Shule hiyo ni ya kubuni, lakini mwandishi mwenyewe alisoma Groton, hapa karibu nasi, kwa hiyo sidhani alihangaika sana kuivumbua. Kilitoka 2005, na gazeti la New York Times likakiweka kati ya vitabu 10 bora vya mwaka ule. Nilidhani nitakuta visa vikubwa. Nimekuta msichana anayetazama wenzake kwa miaka minne. Anajua nani anakaa na nani mezani, nani ana shuka gani, nani anacheka vipi. Halafu anaamini na wao wanamtazama yeye vivyo hivyo, wakingoja akosee. Hawamtazami. Kila mmoja wao ana yake.

Hapo sina la kumcheka. Nimelala bweni mimi pia, kule bara, msichana wa Mombasa mwenye Kiswahili kirefu na Kiingereza kifupi. Siku ya wazazi, magari yalijipanga tangu getini mpaka uwanja wa netiboli, na bibi yako alishuka matatu barabara kuu akaja kwa miguu na kikapu cha mahamri kichwani. Najua jicho la msichana linavyofanya hesabu siku kama ile.

Nilichokuja kukuandikia ni habari za Conchita. Najua wewe ungependa tuzungumze kuhusu Cross Sugarman, yule kijana anayependwa na Lee, na kwake nitafika. Conchita Maxwell ana mali isiyosemeka, ana chumba chake peke yake, na hajui kuendesha baiskeli. Anamwomba Lee amfundishe. Lee anamfundisha. Conchita anampenda Lee kwa moyo mmoja, kama wapendavyo watoto wanaohesabu marafiki kwa kidole. Na Lee, ambaye kila usiku analia moyoni kwamba hana mtu, anamwona Conchita ni mtu wa ajabuajabu, mavazi yake hayaeleweki, kusimama naye ni kujishusha. Akimpata Martha Porter, mtulivu, mwenye heshima, Conchita anaachwa. Anaachwa tu.

Niliyelala naye dabodeka moja kidato cha kwanza aliniacha hivyohivyo. Tulikula sahani moja, tukafuliana sare. Kidato cha pili alipokaribishwa na mabinti wa wakubwa, salamu ilibaki ya kichwa, kisha nayo ikaisha. Nilijikagua miezi nikitafuta nilichomkosea. Leo, nimeshakuwa mtu mzima, nasoma riwaya ya Kimarekani zamu ya usiku ndipo naambiwa kilichokuwa kichwani mwake: alikuwa na hofu. Hakuwa amenichukia hata kidogo. Alikuwa amepata kiti na alijua kiti chenyewe hakina miguu minne.

Kwa hiyo watu wakisema hiki ni kitabu cha msichana aliyempenda kijana asiyempenda, nasema wamehesabu mmoja wakaacha wengine. Conchita alimpenda Lee, hakurudishiwa. Dave Bardo, yule kijana wa jikoni anayewapakulia chakula, alimtaka Lee kwa uwazi na adabu, na Lee akaona haya kuonekana naye, ati anafanya kazi jikoni. Binti wa muuza magodoro! Na wazazi wake walimpenda, nao pia wakala hasara.

Sasa Cross. Mwaka wa kwanza, siku shule ilipotoa mapumziko ya ghafla, Lee anakwenda madukani kutoboa masikio, anazimia, na Cross anamshughulikia kwa upole. Basi, imekwisha. Kwa upole wa alasiri moja anamwekea kijana huyu miaka mitatu ya mawazo. Hilo silioni kosa. Moyo wa umri ule hauombi ruhusa, na wala mtu halazimiki kupendwa na anayempenda. Kama Cross angepita zake tu, Lee angelia, angepona.

Lakini mwaka wa nne Cross anakuja chumbani kwake usiku, na anaendelea kuja. Mchana ni kama hawajuani. Wahenga wetu walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Huyu kijana alikaa mezani na rafiki zake, akacheza mpira wa kikapu wake, akatembea ua mzima wa shule, na hakukohoa hata mara moja. Nilipofika hapo sikuhitaji kusubiri mwisho.

Kilichonikereketa zaidi ni kwamba Lee hakudai kutambuliwa mbele ya watu. Hakusema, "Nisalimie mbele ya watu." Hakusema, "Kaa nami chakula cha mchana." Aliona akiomba kidogo atakosa chote, akaona kunyamaza ni ukomavu. Akaanza kuhudhuria mechi akijificha kati ya watazamaji. Mtu akimtia aibu rafikiye kwa sababu hana hadhi, atakubali naye kutiwa aibu na mwenye hadhi kuliko yeye, maana sheria ile ameshaitia sahihi mwenyewe. Ndivyo nilivyosoma mimi. Aliyomfanyia Conchita na aliyokubali kwa Cross ni jambo moja, ila safari hii zamu ilikuwa yake. Mwalimu wenu akisema vingine, niandikie, niko tayari kubishana naye.

Martha ndiye niliyempenda. Anachaguliwa kiranja mkuu pamoja na huyohuyo Cross, na Lee, rafiki yake wa chumba kimoja, anashindwa kumfurahia vizuri. Alikuwa amejipa faraja kwamba Martha ni wa pembeni kama yeye. Kumbe wa pembeni alikuwa peke yake, na hata hilo alilichagua mwenyewe. Wenzake walikuwa wakija kwake awakate nywele! Msichana ambaye shule nzima inaukabidhi kichwa kwa mkasi wake bado anasema hawamwoni.

Halafu yule mwandishi wa gazeti. Shule inamtoa Lee azungumze kama mwanafunzi wa ufadhili, naye anammwagia mgeni yale ambayo miaka minne hakumwambia Martha, wala mamake kwenye simu ya Jumapili. Yanachapishwa, na shule nzima inasoma. Namwonea huruma, lakini sishangai. Maneno yakikosa mtu wa karibu wa kuyapokea, hutafuta mlango wowote. Wewe ni wa ufadhili pia, na siku moja watakuja na kamera wakutake useme jinsi unavyoshukuru. Waambie ukweli kwa kiasi unachotaka wewe, na mengine nipigie mimi, hata saa saba usiku. Unajua saa hizo niko macho.

Ile sura ya wazazi nilimsimulia babako. Baba na mama wa Lee wanakuja na gari lao mpaka Massachusetts, na mtoto anawaongoza ndani ya shule kama anayevusha magendo. Hataki wamsemeshe mtu. Anawasahihisha, anawaharakisha. Mwishowe babake anampiga kofi. Babako alinyamaza kidogo, akasema, "Lile kofi halikumsaidia mtu." Akanyamaza tena, kisha akauliza, "Lakini alitaka wavae nini?" Kofi silitetei hata mimi, na najua halikutoka kwa ukatili. Ila nilipenda mwandishi hakuwafanya wazazi wale malaika. Baba ana mzaha mbaya, mama anauliza maswali yasiyo na mpango. Ni watu. Mtoto alikuwa amewaacha wakiwa watu wa kawaida, na aliporudi kuwatazama kwa macho ya Ault akakuta ni kitu cha kufichwa.

Sikuulizi kama unatuonea haya. Umri wako una haki ya kuona haya kidogo. Mimi nilimwona bibi yako na kikapu chake nikatamani ardhi inimeze, kisha nikala mahamri saba. Ninalouliza ni hili: mezani kwenu, yuko nani anayekaa peke yake ambaye ulikuwa ukimsalimia mwaka jana? Mwaka wa kwanza ulikuwa ukinitajia msichana mmoja kila simu, yule aliyekuazima koti theluji ilipokukuta na sweta. Jina lake silisikii tena. Huenda amehama shule. Kama hajahama, nenda kanisalimie kwake.

Na yule kijana ambaye hukumtaja jina likizoni, lakini simu ikilia ulikuwa ukitoka nje na baridi ile: sina neno naye. Sijui kama anakupenda, na pengine hata wewe hujui. Mwambie mamako amemaliza kitabu na angependa kumpa mkono mchana, mbele ya watu. Atakachojibu utaniambia, au usiniambie, ni sawa.

Wikendi ya wazazi tumeshaiomba kazini sote wawili. Jumamosi asubuhi tutakuwa hapo, Mungu akipenda, na ile Corolla yenye mlango wa rangi nyingine. Babako amesema atavaa koti la suti na kofia yake ya vito, usimpangie. Nitapika pilau na kuku wa kupaka usiku wa Ijumaa, na mahamri nitachoma alfajiri. Mwulize Martha wako, sijui yeye anaitwaje, kama anakula pilipili. Na uniambie mapema kama hapo bwenini kuna mikrowevu au nibebe kila kitu kwenye vyombo vya kutunza moto, maana vile vikubwa nimemwazima mama Kibibi na lazima nimjulishe kabla ya Alhamisi.

Mamako