Nyumba ndogo ya Ipuli: ikue upande gani?

Isevya, Tabora

Swahiba wangu Baba Zuhura,

Salamu kwako, kwa mama na kwa wote mlioko huko Ujiji. Barua imefika na mchoro nimeuona. Wazo la nyumba ndogo ya kuzeekea hapa Ipuli, Tabora, naliunga mkono, ila umeanza kwa kugawa vyumba, na hapo ndipo watu wengi wanapojifunga. Nyumba ya namna hii huanza kusumbua siku unapotaka kuongeza chumba, ukakuta bomba la choo, shimo la maji machafu na tangi vimekaa palepale chumba kilipotakiwa kupita. Basi tuanze hivi: vyote vya maji vikae magharibi, na mashariki pabaki wazi.

Vipimo ninavyokushauri ni mita 7.2 kwa 4.2 kwa nje, ubavu mrefu ukitazama kaskazini na kusini. Namba hizo zinatokana na tofali lenyewe. Tofali la kufungamana la udongo na saruji, lile linaloshikana na mwenzake kwa umbo lake, lina urefu wa sentimita 30, upana 15 na kimo 10, kwa hiyo ukuta mrefu unachukua matofali 24 kamili na mfupi 14, na fundi hakati kitu. Mita moja ya mraba inakula matofali 33. Ukitoa milango na madirisha, kisha ukajumlisha kuta za bafu, agiza 2,500 pamoja na ya kuvunjika. Kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa udongo 10, mfuko mmoja wa saruji unatoa kama matofali 70, hivyo weka mifuko 36 kwa matofali peke yake.

Udongo upime kabla ya kukodi mashine ya kufyatulia. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipake mafuta ndani, jaza udongo uliolowa, kisha uache kivulini mpaka ukauke kabisa. Sukuma vipande vyote upande mmoja na upime pengo. Likizidi sentimita 5, mfinyanzi umezidi: ongeza mchanga upime tena. Mafundi wengi hudharau kipimo hiki kwa sababu tofali bichi la mfinyanzi mwingi linatoka limenyooka na linang'aa. Nyufa huja baadaye, likiwa ukutani. Yakishafyatuliwa, yafunikwe nailoni na kumwagiwa maji siku 7, na usijengee kabla ya siku 28.

Paa liwe la mteremko mmoja, likishuka kuelekea kaskazini kwa nyuzi 10. Ukuta wa kaskazini uwe na mita 2.6 na wa kusini mita 3.35. Najua watu watakuambia linafanana na banda la kuku. Waache waseme. Tabora tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri linapita kaskazini yetu. Paneli za sola zikilazwa juu ya paa hilo zinakuwa zimeshaelekea kunakofaa, na mteremko huo unatosha mvua kuziosha vumbi. Jua la kusini linakuja miezi ya mvua, mawingu yakiwa mengi, kwa hiyo matundu ya kutolea joto yakae juu ya ukuta wa kusini, chini kidogo ya bati, yakiwa na wavu wa waya. Hewa ya moto inapanda na mteremko wa dari mpaka inakuta njia ya kutokea.

Bati chukua geji 28, rangi nyeupe au kijivu hafifu, na uagize likatwe urefu wa mita 6.1 ili lishuke bila kiungo. Geji 30 ni jembamba zaidi. Fundi akikanyaga vibaya linabonyea, maji yanatuama, na kutu inaanzia hapo. Tumia skrubu zenye mpira, zipigwe juu ya mgongo wa bati. Msumari hulegea kadiri bati linavyotanuka mchana na kusinyaa usiku. Mbao za kubeba ziwe inchi 2 kwa 6, moja kila sentimita 90, zifungwe kwa nondo ya milimita 6 iliyochomoza kwenye lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Upepo wa mvua za kwanza huinua paa kutoka chini, na msumari wa kuingiza mshazari hauwezi kazi hiyo. Bati litokeze sentimita 90 kaskazini na kusini, 60 pembeni. Ukuta wa kusini ni mrefu, hivyo mvua ya upepo itaupata hata hivyo; upige plasta ya saruji nje, zingine unaweza kuziacha tofali wazi.

Sasa mchwa, ambao nyinyi wa Kigoma mnawajua lakini hapa kwetu, nchi ya miombo, wanapaswa kuwa na hati ya kiwanja. Tofali la kufungamana lina matundu katikati, na mchwa akishaingia humo anapanda mpaka kwenye mbao za paa bila wewe kuona njia yake. Kinga ni tatu na zote zinahitajika. Ya kwanza, kabla ya kumwaga kifusi ndani ya msingi, toa mizizi, vigingi vya kupimia na mabaki ya mbao. Mafundi hupenda kuvifukia, na hicho ndicho chakula cha kuwaita. Ya pili, jamvi la zege la sentimita 10 lenye wavu wa chuma lipite juu ya ukuta wote wa msingi hadi ukingo wa nje, lisiishie ndani. Ya tatu, juu ya msingi huo laza ukanda wa bati la mabati ya zinki, utokeze sentimita 5 nje na kukunjwa kuelekea chini. Mchwa anaweza kuuzunguka, ila atalazimika kujenga njia ya udongo kwa nje, na wewe utaiona ukipita na ufagio. Kwa hiyo msingi uinuke sentimita 45 juu ya ardhi, na usiegemezwe kuni wala maua.

Kimo hicho kina gharama yake, kwa maana umesema unajenga kwa ajili ya magoti ya uzeeni. Njia ya mteremko ya kupandia inataka urefu mara 12 ya kimo, yaani mita 5.4. Itoshee sambamba na ukuta wa kusini, mlango ukiwa huko. Ila iache pengo la sentimita 5 na ukuta. Ukiiunganisha umewajengea mchwa daraja la kupita juu ya kile kibati. Milango yote iwe sentimita 90, wa bafu pia, na ukuta ulio kando ya choo matundu yake yajazwe zege ili siku moja uweze kufunga chuma cha kushikilia.

Ndani, ukuta wa kudumu ni wa bafu tu: mita 1.8 kwa 2.1 kwenye kona ya kaskazini-magharibi, na jiko la gesi likiwa limeegemea ukuta huohuo. Mkaa ubaki nje. Mabomba yapite nje ya uso wa ukuta, usiyachimbie ndani. Koki ikivuja unafungua kwa spana badala ya kuita mtu na tindo. Nafasi iliyobaki, kama mita 4.95 kwa 3.9, igawe kwa kabati au pazia. Leo ni chumba na sebule, kesho ni genge la cherehani, keshokutwa wajukuu. Sakafu piga niru, na uikate mistari kila mita 2 ili ikipasuka ipasuke kwenye mstari.

Ukuta wa mashariki ndio unaobeba kesho yako. Lenta ipite juu ya nafasi ya mlango wa sentimita 90, kisha chini yake jaza matofali kwa udongo tu, bila saruji. Chumba cha kuongeza kiwe mita 3.6, matofali 12. Kuta zake zisifungamane na za zamani. Ziache ufa wa sentimita 1 uliojazwa sponji na gundi ya kuziba maji. Msingi wa zamani umeshatulia, mpya bado utashuka, na ukivifunga pamoja kitakachopasuka ni ukuta. Fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) ya upande huo ifungwe kwa skrubu ili itoke bila kuvunjwa.

Gata, mfereji wa kukingia maji ya paa, lishuke kuelekea magharibi, nusu sentimita kila mita, na mwisho wake wa mashariki ubakiziwe sentimita 2 za kupanda kwa ajili ya kile chumba. Paa ni kama mita 50 za mraba, kwa hiyo kila milimita ya mvua ni lita 50. Maji ya kwanza yaelekezwe kwenye pipa dogo la lita 40 lenye tundu la kudondosha, maana miezi mikavu inaacha vumbi jingi juu. Tangi la lita 5,000 likijaa Aprili linakupa lita 27 kwa siku mpaka mwisho wa Oktoba. Yatoshe kunywa na kupika, mengine yatoke bombani. Likijaa lina uzito wa tani 5, usiliweke juu ya kifusi.

Choo kiwe cha mashimo mawili yanayopokezana, yenye kisanduku cha kugeuzia. La kwanza likijaa unageuza, unaliacha miaka 2, kisha unachota mbolea. Hutatafuta gari la kunyonya. Umeme sina mengi: mabomba ya waya yafike mpaka kisanduku kitupu kwenye ukuta wa mashariki.

Kufyatua kuanze Mei, bati liwe juu kabla ya Oktoba kuisha. Ukija sikukuu, nenda kiwanjani na dira, andika ubavu upi unatazama kaskazini, na uniletee ndoo mbili za udongo uliochimbwa chini ya nusu mita. Mashine usiilipie kwanza.

Wako,
Baba Shabani