Barua kwa mwanangu: Tawi la mwembe litiwe gadi kwanza

Pangani, Novemba

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Mama yako mguu umepata nafuu, anakusalimu sana, na anasema watoto wasizoee kulala saa nne za usiku. Msalimie mume wako.

Picha za nyumba nimeziona zote, hongereni. Neno langu ni juu ya ule mwembe dodo wa uani. Umesema mume wako ameshanoa panga, anataka tawi liondoke. Hofu yake ni ya haki, maana tawi limepita juu ya banda la jiko, limezaa kupita kiasi, na watoto wanashinda chini yake. Lakini kulikata sasa, likiwa na mzigo wote ule, ndiko kutakakoleta hasara anayoikimbia. Tawi zito likikatwa kwa juu huvunjika kabla panga halijafika katikati, na likishuka linaondoka na gome refu la shina. Kidonda cha namna hiyo kinachukua miaka kuziba, na mara nyingi maji huingia, kuoza kukaanzia hapo. Litieni gadi kwanza, yaani mti wa kulitegemeza kwa chini, mle maembe yenu, kukata kutafuata.

Mwembe huchanua kwenye ncha za vitawi, kwa hiyo matunda yote yananing'inia mwisho kabisa, mbali na shina. Embe dodo moja lililokomaa hufika nusu kilo, na mengine huzidi. Maembe 100 basi ni kilo 50. Kilo 50 zikiwa karibu na shina si kitu, lakini zikiwa mita 4 mbele yake zinaweza kupasua panda, pale tawi linapoachana na shina. Ongeza mvua ya vuli inayolowesha majani, ongeza na upepo. Na ile kamba ya kuanikia nguo niliyoiona imefungwa kwenye tawi lile lile, jamani! Shuka zilizolowa nazo ni mzigo. Ifungueni leo, na pembea ya watoto isiwekwe hapo.

Kabla hujatafuta miti, nenda kaangalie pale tawi linapotokea kwenye shina. Panda iliyotanuka haina shida sana. Ya kuogopa ni ile nyembamba, ambayo tawi na shina vimebanana mpaka gome likakunjika katikati. Hapo kwa nje panaonekana panene, lakini ndani hapajashikana. Tazama kama pana ufa, tazama kama utomvu unachuruzika. Ukikuta ufa, watoto wasipite tena chini, na jiko lihamishwe mpaka maembe yote yashushwe, mabichi na yote, na fundi wa miti aje aone. Kama hakuna ufa, chukua uzi, ufunge kwenye tawi upande wa mbele, ncha ya chini uning'inize kijiwe kikae juu ya ardhi kwa upana wa kidole kimoja. Kesho yake ukikuta kijiwe kimegusa mchanga, ujue tawi linashuka na hamna wiki ya kusubiri.

Jambo la kwanza ni kupunguza maembe. Najua inauma kuangua embe ambalo halijaiva, lakini kikonyo chenye matatu kiachie moja, lile lililobaki litanenepa. Hayo mabichi mama yako angeshayatia kwenye mchuzi wa papa, na wewe achari unaijua. Angalieni tu utomvu wa kikonyo usiwadondokee machoni, na ukigusa ngozi uoshwe mara moja, unaunguza.

Sasa gadi lenyewe. Mashua ikikaa juu ya mchanga maji yakikupwa, tunaitia gadi ubavuni kabla haijaanza kulala, hatungojei ilale ndipo tuiinue. Tawi nalo ni hivyo hivyo. Tafuteni mti mkavu, mnyofu, wenye panda juu, unene wake kama mkono wa mtu mzima au zaidi. Mkaratusi unafaa, na huko Bagamoyo hauwezi kukosekana kwa wauza miti. Mti mbichi wa kuchipuka usiutumie, utashika mizizi uwe na miti miwili. Mianzi pia inafaa: chukua miwili, uifunge karibu na ncha, uitanue chini kama wafanyavyo watu wa migomba, tawi lilale pale juu inapopishana.

Ile panda mtakayolaza tawi ivisheni kwanza. Kipande cha tairi kuukuu au gunia lililokunjwa mara kadhaa kinatosha. Upepo ukivuma tawi husugua mti mchana na usiku, na bila kitambaa gome linaisha. Chini nako msiuache mguu wa gadi juu ya mchanga mtupu. Mvua moja tu utazama na tawi litakuwa limerudi pale pale. Chimbeni shibiri moja, mlaze jiwe bapa au kipande cha ubao, mguu ukae juu yake. Ncha hiyo ya chini ichomeni moto mpaka iwe nyeusi, itachelewesha mchwa.

Mahali pa kuweka ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaweka katikati kwa sababu ndiko mkono unakofika, huku mzigo wote uko mbele. Gawa tawi mafungu matatu kutoka kwenye shina, gadi likae mwisho wa fungu la pili, chini ya tawi lenyewe, si chini ya vijiti vya ncha. Tawi lenu kwa lilivyo refu naona litahitaji mti wa pili mbele kidogo. Mfanye kazi hiyo mchana mkavu, majani yakiwa hayana maji. Mume wako aliinue kwa bega polepole, mpaka lipate nafuu ya vidole viwili au vitatu tu, na wewe uingize mti. Msijaribu kulirudisha lilivyokuwa mwezi wa saba. Tawi limeshazoea kupinda, ukililazimisha linapasuka kwa juu.

Likishakaa, lifungeni na gadi kwa kamba ya usumba au ukanda wa nguo kuukuu, legelege, mkono upite. Waya hapana, na manila nyembamba hapana. Chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka chini ya gome, na waya unapokaza unakiziba njia. Mti unanenepa, waya haunenepi.

Kila baada ya upepo mkubwa piteni mtikise mguu wa gadi kwa mkono muone kama umelegea. Wakati wa kuvuna anzeni na maembe ya nchani, na gadi msiliondoe mpaka tawi liwe jepesi kabisa.

Baada ya mavuno, kabla ya masika, ndipo tawi lipunguzwe. Likikatwa mapema hivyo, machipukizi yatapata muda wa kukomaa kabla ya maua ya Julai na Agosti. Panga libaki jikoni, kazi hii ni ya msumeno. Lifupisheni hadi kwenye kitawi cha pembeni kinachoelekea juu: mkato wa kwanza kwa chini, theluthi ya unene, wa pili kwa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Hapo tawi litaanguka bila kuchuna gome. Kisiki kinachobaki mkisawazishe bila kuingia kwenye ule uvimbe wa panda.

Mwembe ukizaa hivi mwaka huu, mwakani huenda ukapumzika. Asije mume wako akasema umekufa.

Nipimie urefu kutoka ardhini mpaka chini ya tawi, kwenye hizo sehemu mbili, unipigie jioni. Nina boriti mbili zimebaki kwenye kazi ya mashua ya jirani, moja ina panda nzuri. Nikipata vipimo kabla ya Alhamisi nitazikata na kuziweka kwenye lori la nazi linalokuja huko.

Ni mimi baba yako.