Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi, Wete

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazee na wanafunzi wenzetu, Assalaam alaykum.

Kwanza tunakushukuru kwa kuja, njia zetu na mvua hizi za masika tunazijua wenyewe.

Mheshimiwa, mwaka huu klabu tulichagua kusoma fangasi wa ngozi. Wenzetu wakatucheka, ety sayansi gani hiyo ya mapunye, lakini ukipita madarasa ya wadogo saa ya mapumziko utaviona vichwa mwenyewe, nywele zimekatika usawa wa ngozi zimebaki nukta nyeusi, na kofia ya chuoni ni ile ile inazunguka vichwa vitatu vinne, na mashine ya kinyozi nayo haipanguswi.

Huyu tunayemwita mdudu si mdudu, ni jamii ya uyoga na ukungu wa mkate, chakula chake ni keratini, yani ile protini ya ngozi ya juu, nywele na kucha, ndo maana kwa kawaida hashuki chini zaidi ya hapo. Mwaka 1841 daktari David Gruby kule Paris alionesha kuwa ugonjwa mmoja wa kichwani unaletwa na fangasi, na daktari Mjerumani Robert Koch alikuja kutangaza kijidudu cha kifua kikuu 1882, kwahivo mapunye yameitangulia TB kwa miaka 40 na zaidi, waliotucheka wasikie.

Sasa utafiti wa nini na choa kila mtu anaijua kwa macho? Kwa sababu aina ni nyingi na hazifanani tabia. Kuna taa ya zambarau madaktari wanamulika kichwa, fangasi wa jamii ya Microsporum wengi wanang'aa kijani, lakini Trichophyton violaceum, ambaye Afrika Mashariki tunaye sana, hang'ai kabisa, ukitegemea taa tu utasema mtoto mzima. Hapo inabidi ukwangue magamba na vinywele, utie tone la potashi ya maabara, usubiri kidogo iyeyushe ngozi, halafu uangalie kwa darubini nyuzi zenye matawi. Ukitaka kujua aina hasa unaotesha, na hiyo huchukua wiki kadhaa.

Na krimu haifiki kwenye shina la unywele, mapunye ya kichwa yanataka dawa ya kumeza. Griseofulvini, dawa ya zamani, yenyewe imetolewa kwenye ukungu mwaka 1939, ikakaa karibu miaka 20 mpaka 1958 ndo mtafiti Gentles akawapa simbilisi wenye fangasi kwa kula wakapona. Inaingia mwilini vizuri zaidi ikiliwa na chakula cha mafuta, na sisi wali wa nazi tunao.

Linalotuudhi mheshimiwa ni hizi krimu za mchanganyiko zinazouzwa madukani bila cheti cha daktari. Ndani mna steroidi, yani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho isiyoua fangasi, siku mbili tatu muwasho umekata mtu anashangilia, kumbe fangasi anazidi kutambaa na hata ile duara yake inapotea, daktari akija kuangalia hajui anachokiona. Huko India matumizi ya namna hii yanatajwa kuchangia kuenea kwa Trichophyton indotineae, alopewa jina 2020, ambaye mara nyingi tabinafini, dawa ya fangasi, haimfanyi kitu, na ameshasafiri nchi nyingi.

Maombi yetu ni haya. Darubini, tuliyonayo lenzi yake imeota ukungu (ndio, nayo imeshikwa na fangasi). Slaidi na vifuniko vyake, potashi mwalimu atakaa nayo yeye maana inaunguza. Na usafiri wa kwenda maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, wao tunawajua kwa kichocho na minyoo, tunataka tukawaulize wenyewe kuhusu haya ya ngozi. Gari ya siku moja tu inatosha mheshimiwa, chakula tutabeba.

Wabillahi tawfiq.

Sisi wanaklabu wa sayansi.