Barua kwa mwanangu: fidla usiiache kwanza

Zuhura, mama yangu,

Ujumbe wako nimeuona asubuhi. Umeme ulikatika usiku na simu ikazima. Umeandika kwa herufi kubwa: A YA OKESTRA INANISHUSHA. Nilidhani umegombana na mwalimu. Kumbe unailalamikia alama ya juu kabisa anayoweza kukupa, na mwakani unataka kuliacha darasa la okestra na fidla yako, eti A yake inakushushia wastani!

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatumalizani. Nikianza kueleza, wewe unasema "nimekuelewa, Baba", na mimi najua hujaelewa.

Hesabu yako iko sawa. Nimeirudia kwa kalamu, na nikafurahi kuona hukukosea hata nukta. Mwakani una AP tatu, yale masomo magumu ya kiwango cha chuo ambayo A yake inahesabiwa 5 badala ya 4, ukipata A zote ni 15. Yale masomo mawili ya juu ambayo si AP shule yenu inayapa 4.5 kila moja, hayo 9. Okestra ni darasa la kawaida, A yake inaishia 4. Jumla 28, gawa kwa 6, ni 4.67. Ukiitoa okestra, 24 gawa kwa 5, ni 4.8. Kweli, A inakushusha. Hizi nyongeza waliziweka ili mtoto asiogope somo gumu kwa hofu ya kupata B, na sasa zinamfukuza mtoto kwenye muziki. Hilo si kosa lako.

Ila umeishia njiani. GPA ya mwisho, yaani wastani wa alama zako, haihesabu mwaka mmoja, inahesabu yote minne, kwako ni masomo 24. Tuseme yale 23 yana wastani wa 4.5, ni 103.5. Ongeza 4 ya fidla, gawa kwa 24: 4.479. Sasa toa fidla, weka hiyo AP ya sayansi ya mazingira unayoitaka, na upate A: 4.521. Unagombania 0.042. Na je, ukipata B? B ya AP ni 4. Utarudi palepale kwenye 4.479, na fidla huna. Tena kwenye ile GPA isiyo na nyongeza B ni 3 tu, hapo umeshuka kabisa. Vyuo vingine hata hizo nyongeza za shule havizitazami, vinahesabu upya vyenyewe. Vya California vina kanuni zao.

Najua utanijibu Austin. Haya, tuzungumze Austin, hicho Chuo Kikuu cha Texas unachokitaka. Sheria ya jimbo la Texas ya 1997 inasema aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake anaingia chuo kikuu cha serikali moja kwa moja. Austin peke yao waliruhusiwa kuibana asilimia hiyo, na kwa wanaoanza 2026 na kuendelea wameshuka kutoka asilimia 6 hadi 5. Darasa lenu zima la 11 mko 410. Asilimia 5 ni watu 20, wewe wa 24. Nimeona kwa nini unakosa usingizi. Lakini Zuhura, nafasi wanayoitazama ni ile ya mwisho wa darasa la 11. Mwisho wa mwaka huu! Masomo ya mwakani, uchukue AP sita au ukapige ngoma, hayaingii kwenye hiyo nafasi. Unataka kuuza fidla ununue kitu ambacho duka lake litakuwa limeshafungwa. Kama ni kukazana, kazana na haya yaliyobaki mpaka mwezi wa sita. Na ukikosa Austin moja kwa moja, bado utaomba kama wengine, watasoma na insha yako, na watakuta miaka minne ya okestra.

Kuna wilaya za shule pale Texas zinazoacha masomo ya sanaa nje ya hesabu ya nafasi, au zinampa mwanafunzi ruhusa ya kuomba somo lisihesabiwe. Kamuulize mshauri wa wanafunzi. Uende wewe mwenyewe, usimtume mama yako, anatoka zamu ya usiku na hajalala.

Huyo mama yako anasema ni mimi niliyekuzoesha. Eti kila ukileta ripoti, kabla hata sijasema hongera nauliza, "Wa ngapi?" Labda. Kwetu ndivyo tulivyoulizwa.

Huku Tanzania GPA yako imewachanganya watu. Hapa pointi chache ndiyo sifa, kidato cha nne bora kabisa ni pointi 7, cha sita ni 3. Nilipomwambia jirani wa bibi yako una 4.5, akapiga makofi, "One ya nne! Huyo Muhimbili moja kwa moja!" Alidhani ni divisheni ya kwanza ya pointi nne, ya kwenda kusomea udaktari. Sikumsahihisha. Serikali yenyewe ilijaribu GPA kwenye matokeo ya kidato cha nne ya 2014, haikuchukua muda wakarudisha divisheni.

Bibi yako anaendelea vizuri, presha imeshuka, ila chumvi bado anaificha chini ya kitanda. Zile video zako za fidla anaziangalia mpaka bando langu linakwisha. Anauliza lini utapiga taarabu. Hujampigia simu tangu nifike, na yeye hasemi, ila akisikia simu inalia anageuka. Mpigie. Saa zako za asubuhi huku ni jioni, anakuwa macho.

Mabati ya upande wa jiko nimeanza kubadilisha. Fundi alisema siku mbili, sasa yuko kwenye siku mbili za tatu. Nikimaliza nakata tiketi.

Kichujio cha kiyoyozi kibadilishwe, kipya kipo gereji nyuma ya baiskeli. Salim atoe mapipa ya taka Jumatatu usiku, asingoje kusikia gari. Kodi ya fidla ya mwezi huu nimeshailipa, na ya mwezi ujao nitailipa, hata kama umekasirika.

Fomu ya masomo mama yako ameniambia inarudishwa Ijumaa ya wiki ijayo. Usiisaini. Nitapiga Jumapili, uwe na hiyo fomu mkononi na kitabu cha kanuni za shule, tusome pamoja ukurasa wa nafasi. Na Jumamosi ulale.

Baba yako